Bluu Tuliyoikata Pamoja

Mei Mosi ile nilicheka kabla sijajua ninacheka nini. Tulikuwa tumesimama kando ya barabara kule Chang'ombe, mie na wenzangu wa ushirika, tumejifunga khanga zetu nzuri, tukisubiri wapite wafanyakazi wa maghala. Mashati waliyovaa tulishona sie. Wakatokea kwenye kona wakiimba, ngumi juu, na mtu mmoja nyuma yetu akapaza sauti, "Jamani, hawa wamekatwa kiunoni wakaungwa!" Watu wakaangua kicheko, nami nikacheka nao. Halafu nikatazama vizuri. Mashati yalikuwa bluu iliyopauka, kama mbingu ya asubuhi. Suruali zilikuwa bluu nzito, karibu na wino. Na sare ile ilitakiwa iwe rangi moja kutoka shingoni mpaka kwenye kisigino.

Mwenyekiti wetu hakucheka. Alijiziba mdomo kwa ncha ya khanga akawatazama mpaka yule wa mwisho alipopita. Kisha akasema, "Twendeni nyumbani." Hakuna aliyeuliza mbona mapema.

Niseme kwanza tulikuwa nani. Ushirika wetu wa kushona ulikuwa Temeke, kwenye banda la mabati lililokuwa zamani ghala la mbao. Miaka ile baada ya Azimio watu walihimizwa kufanya kazi kwa umoja, na wanawake wa mitaa yetu wakaleta vyerehani vyao chini ya paa moja. Mwenyekiti alikuwa mjane kutoka kusini, mtu mzima, mwenye swala zake na mwenye msimamo. Tulimwita Bi Mkubwa, isipokuwa siku za mkutano, siku hizo alitaka aitwe Mwenyekiti. Mie nilitoka bara, Mkristo, nimesoma mpaka darasa la nne. Kwa sababu mwandiko wangu unasomeka, wakanifanya karani. Kuandika ninajua. Kufikiri ni jambo jingine, na mpaka leo nikiandika mambo yangu ya kila siku huwa najiuliza kama kuna mtu atayahitaji. Haya nayaandika kwa jinsi ninavyoyakumbuka. Penye shaka nitasema.

Kitambaa chetu kilitoka kiwanda cha nguo upande wa pili wa mji, ng'ambo ya bonde la Msimbazi. Kule walifuma, wakatia rangi, wakafunga majora. Majora mengine yaliletwa kwetu tukashona mashati. Mengine yalikwenda kwenye karakana moja ya Chang'ombe, ya wanaume, yenye mashine za umeme, wakashona suruali. Mnunuzi wetu sote alikuwa mmoja, ofisi ya mjini iliyonunua sare za wafanyakazi wa maghala. Nyumba nne, kitambaa kimoja. Na hakuna nyumba iliyowahi kuketi na nyingine ikazungumza.

Haikupita wiki, afisa wa manunuzi wa ofisi ile ya mjini akaja bandani. Alikuwa na shati mkono mmoja na suruali mkono wa pili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

Hakukaa. Nataka nimtendee haki: hakuja kwa dharau. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyesemwa vibaya kabla ya kuja kusema. Alisema wakubwa wake waliaibika hadharani. Alisema mzigo unaofuata utapokelewa pale pale uani kwetu, mashati na suruali vikiwa pamoja, na yeye mwenyewe ataviangalia. "Vikitofautiana tena, mama, mashati nayo yatashonwa Chang'ombe. Wale wana mashine, na wamesema wanaweza. Sitakuwa na la kuwatetea."

"Nimesikia," akasema Bi Mkubwa.

Afisa alipoondoka, Bi Mkubwa aliendelea kushona, ila nilimwona anashona mshono uleule alioumaliza. Mie nilijua linalomsumbua. Shemeji zake huko kusini walikuwa wakimwita arudi akakae uani kwao. Kila msimu wa korosho ukiisha alikuja mtu kutoka kwao akirudia maneno yaleyale: mjane hakai mjini peke yake. Na kila msimu alijibu maneno mawili, "Nina kazi." Hakuwa na jibu jingine, wala hakulihitaji. Banda likifungwa, hata hilo angelikosa.

Wenzangu walikuwa na maelezo yao. "Kiwanda kinawapa wanaume kitambaa kizuri, sie tunapewa mabaki." Mwingine akasema, "Sie wanawake, nani atatuhofia?" Inawezekana nami nilikubali kwa muda. Lakini nilifikiria: kama ni mabaki, mbona hayana makunyanzi wala matundu? Kitambaa kilikuwa kizuri. Rangi tu ndiyo iliyokuwa nyingine.

Nikamwambia Bi Mkubwa nataka kwenda kiwandani kuuliza.

"Utamuuliza nani?"

"Sijui. Yule anayetia rangi."

"Nenda," akasema. "Usigombane. Na usirudi bila jibu."

Kule kiwandani walinzi walinizungusha kidogo, lakini sio sana. Fundi mkuu wa rangi alikuwa mtu mwembamba aliyesomea kazi yake ng'ambo, amevaa koti jeupe, kucha zake za bluu. Chumba chake kilinuka siki na mvuke. Nilipomweleza nimetoka ushirika wa Temeke na nimekuja kwa ajili ya rangi mbaya, alikasirika, na sasa naona alikuwa na haki ya kukasirika.

"Ndugu, rangi mbaya ipi? Sisi tunatia rangi mnayoomba."

Akavuta mtoto wa meza. Ndani mlikuwa na vipande vidogo vya kitambaa. Inabidi nieleze: kila tulipoagiza majora, tulikata kipande kutoka kitambaa tulichobakiwa nacho, tukakibandika kwenye karatasi ya maombi ili kiwanda kifuate rangi ile. Chang'ombe nao walifanya hivyohivyo. Fundi akapanga vipande vyetu mezani karibu na dirisha, cha kwanza mpaka cha mwisho. Chini yake akapanga vya Chang'ombe. Viwili vya kwanza vilikuwa kama mapacha. Kisha vyetu vilikwenda vikipauka, na vyao vilikwenda vikikoza, kama watu wawili walioagana njia panda.

"Unaona?" akasema. "Ninyi mliomba hii, nikawapa hii. Wao waliomba hii, nikawapa hii. Nimekosea wapi?"

Hakukosea. Alikuwa ametunza baki la kila jora; nilitazama kila kipande na baki lake na sikuona tofauti. Nikauliza swali pekee lililonijia, "Mbona hukutuambia kwamba tunaachana?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Karatasi yenu inasema mashati. Yao inasema suruali. Mimi nitajuaje kwamba vinavaliwa na mtu mmoja?"

Miaka yote ile hakuna aliyemwambia. Sisi tulidhani anajua, kwa sababu kwetu sisi lilikuwa jambo la wazi kama mchana.

Yeye naye alipoa. Akachukua kipande chetu cha mwisho akakinusa. "Halafu kuna jambo siku zote nilitaka kuuliza. Vya kwenu kwa nini vinanukia udi? Mke wangu aliwahi kunusa koti langu, akanilaza na njaa."

Nikacheka, nikaona aibu, nikamweleza. Bi Mkubwa hakuweza kumpelekea mtu wa nje kitambaa kinachonuka kiwanda. Kwao nguo ya kumpa mtu hufuliwa, hupigwa pasi, hufukizwa, ndipo ikunjwe. Kwa hiyo kila kipande kilichokwenda kiwandani kilipitia beseni, kikaanikwa juani, kikapigwa pasi ya mkaa, kikawekwa juu ya chetezo. Sote tuliona ni heshima. Mie mwenyewe nilijivunia kwamba karatasi zetu ndizo zinazonukia.

Fundi aliweka kiganja kwenye paji la uso. "Mnafua? Mnafua sampuli?"

"Kwa sabuni ya mche," nikasema, maana nilidhani kuitaja sabuni kutasaidia.

Akacheka mpaka akakaa. Kila mara tulipofua, kipande kilipauka kidogo. Yeye akafuata mpauko. Jora likaja limepauka, nasi tukakata humo kipande kingine tukakifua tena.

Nilirudi Temeke na jibu, kama nilivyoagizwa. Bi Mkubwa alilipokea vibaya mwanzoni. "Kwa hiyo kosa ni usafi wangu?" Nikamwambia sivyo, kwamba hata Chang'ombe wamepotea, na kwamba hakuna aliyedanganya. Akauliza, "Basi wa Chang'ombe wanapauka wapi?"

"Wao wanakoza."

"Kajue kwa nini," akasema. "Tusije tukajirekebisha wenyewe, wao wakabaki walipo."

Hilo sikulifikiria. Nililiandika jioni ile kwamba ni maneno yake, na ni vizuri ibaki hivyo.

Msimamizi wa karakana ya Chang'ombe alikuwa bonge la mtu, mcheshi kwa wenzake na mkali kwa wageni. Alinipokea mlangoni. "Aaa, karani wa akina mama! Umekuja kuomba kazi? Ya kufagia ipo." Wanaume nyuma yake wakacheka.

"Nimekuja kuona kipande mnachotumia kuagizia rangi."

"Kipande changu kizima. Kaangalie chako." Akafunga mlango.

Mara ya pili waliniambia hayupo. Lakini kulikuwa na pazia la gunia kati ya ofisi na karakana, halikufika chini, na chini yake niliona viatu vyake. Nilivijua kwa sababu kimoja kilikuwa na kisigino kipya. Nikavisalimia: "Shikamoo, Ndugu Msimamizi, nitarudi." Viatu havikujibu.

Niwe mkweli, nilimwelewa. Ofisi ya mjini ilikwisha kumdokezea kwamba mashati yetu huenda yakawa yake. Angenisaidia kwa faida gani? Nilipokuwa narudi kwa miguu nilijiuliza mie ni nani wa kumshawishi mtu aache kazi inayomjia mlangoni. Nikaamua tu kwamba nitarudi.

Mara ya tatu sikugonga. Nilikaa kwenye benchi la nje mpaka wakatoka kula. Akaniona, sahani ya ugali mkononi.

"Wewe mama huchoki?"

"Nachoka. Lakini nimeshafika."

Labda ni kule kuchoka kwangu, labda ni njaa yake, sijui. Akaketi mwisho wa benchi. Nikamweleza yote: vipande mezani, beseni la Bi Mkubwa, udi, mke wa fundi. Kwenye mke wa fundi alicheka mpaka akapaliwa. Halafu akasimama, akanipeleka ndani. Kipande chao kilikuwa kimening'inia kwenye msumari pembeni mwa mashine kubwa, na kila aliyepita akiwa na mafuta kidoleni alikigusa, wengine bila kujua. Kilikuwa kimekolea mafuta ya mashine.

"Hatupeleki hiki chote," akasema kwa kujitetea. "Tunakata upande msafi."

Tukatazama upande msafi. Ulikuwa msafi ukiulinganisha na ule mchafu tu.

Kilichofuata hakikutoka kwangu, kilitoka kwake. Aliingia bohari akatoka na suruali ya mzigo wa kwanza kabisa, ilibaki kwa sababu ya kiuno chake kidogo, haikuwahi kuvaliwa. Akaitandika mezani kando ya suruali mpya. Zilikuwa rangi mbili. Akakuna kidevu.

"Kesho wa maghala wakiajiri watu wapya, nikawapa hizi," akasema polepole, "watasimama mstari mmoja na wa zamani, watachekwa. Na hapo hakutakuwa na mashati ya akina mama ya kusingizia."

"Hata kama mashati umeshona wewe," nikasema.

"Hata kama nimeshona mimi." Akanitazama. "Unataka nini hasa?"

"Uje Temeke. Fundi wa rangi atakuja. Na afisa wa manunuzi."

Walikuja. Fundi alikuja na kitambaa alichotia rangi upya, kipande kirefu kilichotosha meza. Tulikitoa nje uani kukitazama kwenye mwanga wa jua, na hapo ubishi ukaanza. Msimamizi alisema kimepauka, Bi Mkubwa alisema kimekoza, afisa alisema kwake ni sawa, na fundi alisema yeye anaweza kutia rangi yoyote mradi wakubaliane. Baada ya kubishana sana wakakubali kile kile. Lakini kitunzweje? Afisa akasema kikae ofisini mjini. Msimamizi akasema, "Kikikaa mjini, mie nikikata jora Chang'ombe nitakitazama kwa darubini?"

Hapa kumbukumbu zinagongana. Mie nimeandika kwamba ni mimi niliyesema tukikate. Mwenzangu mmoja anaapa ni Bi Mkubwa. Huenda tulisema wote wawili, kwa sababu ni jambo ambalo kila mwanamke pale alilijua. Ukitaka shoga yako avae sawa na wewe kwenye harusi, humwelezi rangi kwa mdomo akaitafute dukani. Mnanunua doti moja, mnaikata katikati, huyu upande wake na yule upande wake, na hakuna fundi duniani atakayewatofautisha.

"Nyumba nne, vipande vinne," akasema Bi Mkubwa. "Kutoka kitambaa kimoja, siku moja, mkasi mmoja."

Fundi wa rangi alipenda, ila akaweka masharti yake, na bila hayo tungerudi kulekule. Kipande kisifuliwe. Kisikae juani. Kisiguswe na mkono wenye mafuta. Kikae ndani ya mkebe wenye kifuniko, kitoke tu jora linapofika, kitazamwe, kirudi. Na mtu asikate kipande kutoka jora jipya akakiita sampuli, hata siku moja.

"Nisikifue hata mara moja?" Bi Mkubwa akauliza.

"Hata mara moja, mama."

"Na udi?"

Fundi akafikiri. "Fukiza mkebe ukiwa mtupu, uupoze, ndipo ukiweke. Kipande chenyewe usikifukize, tafadhali."

Ndipo msimamizi akauliza lililobaki. "Na siku rangi yenyewe ikibadilika? Dawa ya rangi ikikosekana?" Tukakubaliana: hakuna nyumba itakayobadilisha kipande chake peke yake. Ikibidi kubadilika, zote nne zibadilike siku ileile, na vipande vya zamani virudishwe vichomwe, visije vikazua maneno. Nikaandika hayo kwenye karatasi nne, zote maneno yaleyale, neno kwa neno. Nilizisoma kwa sauti moja baada ya nyingine nikiogopa nimekosea mahali. Msimamizi akasema, "Karani, tumesikia, sio sala hii." Lakini nilisoma zote.

Haukupita muda mrefu jambo lenyewe likatokea. Kitambaa cha mzigo wa kuangaliwa kilikuwa hakijafumwa, na fundi wa rangi akaja mwenyewe Temeke, na basi, jasho limemtoka. Dawa ya bluu ile imekwisha, meli haijaleta, na ofisi yake haijui italeta lini. Ipo nyingine. Alitoa kitambaa mfukoni. Ilikuwa bluu, ila yenye ukijivu ndani yake.

Vyerehani vikasimama. Miaka ya nyuma angetumia tu dawa iliyopo, na tungejua majora yakishafika. Alisema hivyo mwenyewe: "Zamani nisingekuja. Nisingejua nije kwa nani."

Bi Mkubwa alikaa chini. "Mzigo ndio huu wa hukumu," akasema. "Nao unakuja na rangi ambayo afisa hakuikubali."

"Basi aikubali," nikasema. Sauti ilitoka kali kuliko nilivyokusudia.

Msimamizi aliitwa, akaja jioni ileile. Tukakata tena, mkasi uleule. Vipande vya zamani, chetu, chake na cha fundi, tulivichoma kwenye chetezo cha Bi Mkubwa. Kilibaki cha afisa. "Mwachie mwandishi wake pale mlangoni," msimamizi akanishauri. Nilikataa. Kipande kidogo cha kitambaa juu ya meza ya mtu mwingine hugeuka kuwa kitambaa cha kufutia vumbi.

Nilikwenda mjini, nikaambiwa yuko kwenye mkutano. Nilikwenda tena, nikaambiwa yuko safarini. Yule dada wa mlangoni alinihurumia akanipa chai. Nilipompata hatimaye alikuwa anatoka, makaratasi kwapani. Nilimwekea kipande kipya mkononi, nikamsomea ile karatasi pale pale kwenye ngazi. Alikitia kwenye mfuko wa shati. "Nimekuelewa, Ndugu."

"Naomba kile cha zamani."

"Kiko kwenye kabati la mkubwa wangu, na leo hayupo. Nitakileta."

Nilirudi bila kile cha zamani, na jambo hilo lilinikera njia nzima. Nilifanya niliyoweza au nilipaswa kukaa pale mpaka mkubwa wake arudi? Sijui hata sasa.

Siku ya mzigo ikafika. Mashati yetu yalipangwa juu ya mikeka uani, na gari la Chang'ombe likashusha suruali. Msimamizi alisimama karibu na gari lake, mikono nyuma. Afisa akaja na mkubwa wake, mtu mzima mwenye miwani. Mkubwa yule akafungua bahasha, akatoa kipande. Nilikitambua nikiwa mbali. Kilikuwa cha zamani.

Akakiweka juu ya shati. Hakuwa na haja ya kusema, kila mtu aliona. Shati lilikuwa na ukijivu, kipande hakikuwa nao.

"Hii siyo rangi tuliyoagiza," akasema. Alisema kwa upole, na kwa alichokuwa nacho mkononi alikuwa sahihi.

Bi Mkubwa alijiziba mdomo kwa ncha ya khanga, kama siku ile ya Mei Mosi. Yule afisa kijana alikuwa akijipapasa mfuko wa shati. Lakini lilikuwa shati jingine.

Aliyesema ni msimamizi wa Chang'ombe. Nataka hili lijulikane, kwa sababu angenyamaza tu, mashati yangekuwa yake. "Mzee," akasema, "samahani. Hebu kiweke na kwenye suruali yangu."

Mzee akaenda kwenye suruali, akaweka kipande. Hakikufanana nayo pia.

"Kwa hiyo wote mmekosea?"

"Sasa ondoa kipande," akasema msimamizi. "Weka shati juu ya suruali."

Mzee akafanya hivyo. Akalisogeza, akalipinda ukosi kwenye kiuno cha suruali, akainama, akavua miwani akaifuta akaivaa tena. Haukuonekana mpaka. Akamwita kuli mmoja wa gari, akamwambia avae vyote viwili juu ya nguo zake. Yule akavaa, akatembea uani kwa madaha, akageuka kama bibi harusi. Hakuna aliyecheka kwa dharau. Walicheka kwa jinsi alivyotembea.

Hapo zamu yangu ikafika. Nikatoa mkebe wetu, nikafungua, nikampa mzee kipande chetu kipya. Msimamizi akatoa chake kwenye kopo la maziwa. Fundi hakuwepo, lakini alikuwa amempa dereva wa gari la majora kipande chake akilete. Vikawekwa vitatu juu ya shati. Nikasoma ile karatasi. Nilipofika penye "nyumba zote nne zibadilike siku ileile," mzee akamgeukia afisa wake.

"Cha kwetu kiko wapi?"

"Nyumbani, mzee. Mfukoni mwa shati." Kisha kwa sauti ndogo, "Naomba Mungu halijafuliwa."

Bi Mkubwa akaachia khanga mdomoni. "Mwambie mkeo, mwanangu," akasema, "asifue. Hata mara moja."

Mzigo ulipokelewa, na mashati yakabaki kwetu. Sisemi kwamba mambo yalinyooka moja kwa moja. Kulikuwa na miezi ya kukosa uzi, miezi ya kukosa vifungo, na mara moja tuligombana na Chang'ombe mpaka mkebe ukarushwa. Lakini majora hayakuachana tena rangi kwa siri, na dawa ilipobadilika tulijua sote, siku moja.

Msimu wa korosho ulipokwisha, akaja mtu kutoka kusini kama kawaida. Alikaribishwa kiti, akapewa maji, akaanza maneno yake. Bi Mkubwa alimsikiliza hadi mwisho bila kuinua mguu kwenye cherehani. Jora jipya lilikuwa limefika asubuhi ile, na mkebe ulikuwa wazi mezani, ukinukia.

"Wasalimie," akamwambia. "Waambie nina kazi."

Akanyoosha mkono nimpe kipande akilinganishe.